Kabalagala: Chupa, Bomba na VVU (Sehemu ya Pili)

Makala ya wiki iliyopita ilifuata njia ya heroini kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi miji ya bara. Wiki hii njia inaishia Makindye, divisheni ya kusini mwa Kampala, na hasa Kabalagala, mtaa wa baa ambao hulala jua likikaribia kuchomoza. Dawa za kulevya zikitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia bangi, unga (heroini), au mairungi, jina ambalo Waganda huipa miraa. Ni nadra mtu kuitaja glasi ya waragi, pombe kali, iliyo mbele yake, nayo ndiyo inayostahili kutajwa kwanza.

Mwaka 2008 watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda walianzisha kliniki ya wanawake walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU, wakiwatafuta katika maeneo ya biashara ya ngono kusini mwa Kampala. Walijiandikisha wanawake 1,027. Asilimia 37 walikutwa na virusi, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta asilimia 7.3 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Watafiti walipochambua ni akina nani hasa walioambukizwa, walikuta wajane, wasiosoma, wanaosubiri wateja barabarani. Na wanywaji.

Pombe haibebi virusi. Inachofanya ni kulegeza kila kitu kinachovizuia: kondomu inasahaulika au inavaliwa vibaya, mteja anayeongeza dau ili asiivae anakubaliwa, na mwanamke aliyelewa hana nguvu ya kukataa wala ya kukimbia. Ambaye asubuhi hana hakika ya kilichotokea usiku bado ana saa 72 za kuanza dawa za dharura, ambazo humezwa kwa siku 28. Lakini saa hizo huisha haraka kwa mtu aliyelala mchana kutwa akiuguza kichwa, kisha jioni akarudi kazini.

Kwa anayeishi na VVU tayari, chupa inadhuru kwa njia nyingine. Anayemeza vidonge vyake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Dozi zikirukwa mara kwa mara, virusi hurudi. Baadhi ya wanywaji huziruka kwa makusudi siku za kunywa, wakiamini kwamba vidonge vikikutana na pombe tumboni vinageuka sumu. Imani hiyo imewagharimu wengi. Madaktari wanasihi mtu apunguze pombe, lakini hata akinywa, ameze dawa yake. Uganda ilipiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania, lakini chupa zilibaki.

Wanaojidunga unga ni kundi dogo wakilinganishwa na wanywaji, ila hatari yao ni kali mno. Kwa makadirio ya Vituo vya Marekani vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, kuchangia sindano na mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 63 katika kila mara 10,000. Kwa mwanamke, ngono ya ukeni bila kinga huambukiza takriban mara 8. Sababu ni damu inayobaki ndani ya bomba la sindano. Katika maabara, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwahi kukuta virusi vikiwa hai ndani ya mabomba hata baada ya siku 42, ingawa joto huvifupishia maisha. Kijana aliyeshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, hasubiri siku hata moja. Bomba la mwenzake litamfaa papo hapo. Kwa miaka mingi takwimu za Uganda zimetaja maambukizi ya asilimia 17 kati ya wanaojidunga.

Sheria nayo imo katika hesabu hii. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine, na kupatikana na unga kukaendelea kuwa kosa la jinai. Bomba lenye masalia ni ushahidi mfukoni, kwa hiyo anayejidunga huona ni salama kutotembea na lake, akategemea la kijiweni.

Tiba ipo. Hospitali ya Butabika ilianza mwaka 2020 kutoa methadoni na buprenofini, dawa zinazozima arosto bila sindano. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na Butabika iko upande wa mashariki wa jiji. Kijana wa Katwe au Kibuye asiye na kazi anatakiwa apate nauli ya teksi ya kwenda na kurudi siku saba kwa wiki, na akikosa siku chache arosto humrudisha kijiweni. Dar es Salaam ilikabiliana na tatizo hilohilo. Ilianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, lakini haikuwaacha wagonjwa wa mitaa ya mbali wahangaike na daladala. Mwaka uliofuata huduma ikafunguliwa Mwananyamala, kisha Temeke. Makindye ina vituo vya afya vya umma vinavyotoa dawa za VVU tayari, na hapo ndipo dirisha la methadoni linapofaa kufunguliwa.