Samaki wa Kijitoni na Watoto wa Nangwa

Maji yanayoteremka Mlima Hanang hayafiki baharini. Wilaya ya Hanang imo katika Bonde la Kati, ambako mito huishia kwenye maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, kama Balangida na chumvi yake. Mtoto wa Nangwa, wilayani humu, anaijua bahari kwa ramani ya ukutani na picha za kwenye simu. Hata hivyo ipo hadithi moja ya baharini ambayo ningependa aisikie yeye kabla ya mtoto wa Tanga au Bagamoyo.

Aliyeiandika, Samad Behrangi, alikuwa mwalimu wa shule za vijijini huko kaskazini-magharibi mwa Iran, nchi ya milima na baridi. Inaitwa Samaki Mweusi Mdogo, na ilitoka mwaka 1968. Chini kabisa ya bahari, katika usiku mrefu kuliko yote wa majira ya baridi, samaki bibi amewakusanya watoto na wajukuu wake 12,000 awatolee hadithi. Anawasimulia habari za samaki mdogo aliyekuwa akiishi na mama yake katika kijito cha mlimani, akizunguka pale pale kutwa kucha, mpaka siku moja akaamka na kusema anataka kuona kijito kinaishia wapi.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mama analia. Majirani wanakusanyika, kila mmoja na lake: dunia ndiyo hii hii, nani kamharibu mtoto huyu? Lawama zinamwangukia konokono mzee aliyezoea kuongea naye. Yeyote aliyekulia kijijini anakijua kikao cha namna hiyo. Mtoto akiuliza swali jipya, wakubwa huanza kumsaka aliyemtia maneno, na swali lenyewe linabaki bila jibu.

Samaki anaondoka. Njiani mjusi anampa kisu kidogo. Anaponea chupuchupu katika mfuko wa mdomo wa mwari, anafika baharini, kisha korongo anamdaka na kummeza. Tumboni mwa ndege anakuta kisamaki kinachomlilia mama yake. Anakisaidia kutoka, naye anabaki nyuma na kisu chake. Korongo anakufa, lakini samaki mweusi haonekani tena. Bibi anamaliza, wajukuu wanalala wote isipokuwa kisamaki kimoja chekundu, ambacho usiku kucha kinaiwaza bahari.

Mchoraji wake, Farshid Mesghali, alipata Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1974. Mwandishi hakuwahi kuliona hilo: alizama katika Mto Aras kabla hajatimiza miaka 30.

Hadithi zetu za zamani zinaelekea upande mwingine. Katika ngano za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, yumo kima anayechukuliwa na papa kupelekwa baharini, kumbe sultani wa papa anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaokoka kwa kudai moyo ameuacha nyumbani, anarudishwa pwani, na hatoki tena. Funzo: tulia kwenu. Huku bara nako Wairaqw waliwaambia watoto kwamba chemchemi na mito vina pepo, neetlangw, na si vya kuchezea.

Sisemi wazee walikuwa wajinga. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilifunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Mama wa hapa anayemkataza mwanawe kushuka korongoni mvua zikianza ana sababu, na hadithi yoyote inayomdhihaki mama huyo ni ya kitoto kwa maana mbaya.

Lakini kuna makatazo ya kulinda uhai, na kuna mila zinazodumu kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliiweka Manyara, mkoa wetu huu, juu ya mikoa yote kwa ukeketaji: asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 43. Sheria ya kuwalinda wasichana wa chini ya miaka 18 ipo tangu 1998, ila sheria haiingii jikoni jioni bibi na shangazi wakiamua jambo. Naamini namba hiyo imeshuka kwa sababu kuna binti, na mara nyingine mama yake, aliyesema hapana mbele ya ukoo mzima. Hao ndio samaki weusi wetu, na wengi wao hawajaandikwa popote.

Pwani nako wapo. Kaskazini mwa Unguja, wasichana ambao kwa desturi hawakufundishwa kuogelea, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka majini, walianza kufundishwa na Mradi wa Panje. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha mwaka 2016, na kazi hiyo ikashinda nafasi ya pili katika kundi lake kwenye mashindano ya World Press Photo ya 2018. Katika picha moja msichana amelala chali juu ya maji, mwalimu wake, mwanamke, amemshika, wote wawili wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima. Wazazi hawakulazimika kuchagua kati ya heshima na uhai wa binti yao. Hilo Behrangi hakuliandika, na naliona ni pengo: katika kitabu chake kijito hakibadiliki hata kidogo.

Kwa mwalimu wa Nangwa, au popote pale, mwenye kipindi kimoja cha Kiswahili cha kujaza: isimulie hadithi hii yote, usiikate mwisho wake ili watoto wafurahi. Wakikuuliza samaki mweusi alikwenda wapi, usiwajibu. Waache wabishane mpaka kengele ilie.