NANI ATAIPIMA DAMU YA MFANYAKAZI?



Mwezi uliopita tulikuwa Muyinga kuzungumza na wenzetu wa kahawa. Huko alitujia kijana, mtoto wa mwenzetu mmoja, aliyekwisha kusomea kazi ya maabara. Hakuomba kazi. Alitaka kujua chama kinaonaje akiendelea hadi masta ya biokemia ya tiba. Sisi tulioishia darasa la sita tulitazamana. Tukamwambia atueleze, naye alieleza vizuri.

Elimu hiyo ni ya kupima kemia ya damu na mkojo: sukari, hali ya figo, hali ya ini. Mashine hutoa namba, lakini namba peke yake haisemi kitu. Chukua mpagazi wa magunia ya kahawa ya kilo 60. Misuli iliyofanya kazi nzito humwaga katika damu baadhi ya vimeng'enya ambavyo daktari huvitafuta kwa mgonjwa wa moyo au wa ini. Asiyejua atasema ini limeharibika, pengine atamwita mlevi. Anayejua atauliza kwanza: jana ulibeba magunia mangapi?

Tena kuna dawa za kuua wadudu. Zile za jamii ya organofosfeti hukizuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Mtu hutokwa na jasho na mate, mboni za macho husinyaa, pumzi hubana. Mwenzetu mmoja alipatwa na hayo baada ya kunyunyiza, akapewa vidonge vya malaria. Kipimo kipo, ila damu ichukuliwe kabla ya msimu ili ilinganishwe na ya baadaye, maana kila mtu ana kiwango chake. Huko California, Marekani, mnyunyizaji huondolewa kwenye dawa kolinesterasi ya chembe nyekundu ikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake cha mwanzo. Sisi tungeongeza: na mshahara usikatwe.

Basi njia ni ndefu. Lisansi miaka mitatu, masta miwili. Muhimbili ya Dar es Salaam na Makerere ya Kampala hufundisha kwa Kiingereza, na kijana wetu amesoma kwa Kifaransa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ni jambo jema, lakini nauli, ada na pango humngoja mzazi, na mshahara wake tunaujua.

Tuliporudi Gitega wengine walipinga. Akimaliza, walisema, atakwenda zake Ulaya. Hoja hiyo hatukuweza kuijibu. Tulikubaliana kijana aanze Kiingereza sasa, na katika mazungumzo ya mkataba tudai damu ya wanyunyizaji ichukuliwe kabla ya msimu. Mwajiri atauliza ni nani atakayeipima.

Wanyunyizaji wa Muyinga, pelekeni majina yenu kwa wajumbe kabla ya mkutano ujao.