Nyungunyungu waweza kukupunguzia gharama ya kunyonya choo

MVUA za masika zikianza Dar es Salaam, wapo wenye nyumba wanaoona wamepata nafuu. Usiku mvua ikikolea hutapisha vyoo, uchafu ukaenda na maji hadi mlangoni kwa jirani. Kipindupindu kikiingia mtaani, hakiulizi nani alitapisha.

Si wote wanaofanya hivyo kwa ukorofi. Gari la kunyonya majitaka ni ghali, na kwenye mitaa iliyobanana halifiki chooni. Ndiyo maana choo cha nyungunyungu kinafaa kutazamwa.

Wanaotumika si wale wa shambani, bali wadogo wekundu, kwa jina la kitaalamu Eisenia fetida, ambao chakula chao ni samadi na vitu vinavyooza. Vyoo vya aina hii vimejengwa India, na pia Liberia ambako shirika la Oxfam lilivitumia.

Ujenzi wake si mgumu. Chini ya choo cha kumwaga maji hujengwa chumba kidogo. Hutandikwa kokoto, kisha mchanga, na juu yake makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ambamo nyungunyungu huwekwa. Maji hupenya chini, kinyesi hubaki juu na kuliwa. Kinachosalia ni mboji kidogo, hivyo chumba huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzolewa.

Yapo masharti. Nyungunyungu wanataka unyevu, lakini chumba kikijaa maji hufa. Kwa hiyo bondeni hakifai. Joto likizidi nyuzi 35 huwaua, na dawa za kusafishia choo vilevile. Maji ya kufulia yaelekezwe kwingine.

Mboji hiyo isikimbiziwe kwenye mchicha. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kubaki hai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja, penye joto la nyuzi 20 hadi 35, kabla ya kupelekwa shambani. Maji yanayotoka nayo bado yana vimelea, hivyo choo kiwe mbali na kisima.

Kwa mfugaji mwenye samadi, kuzalisha nyungunyungu hao ni biashara. Kwa mwenye nyumba, piga hesabu ya unacholipa gari kwa miaka mitano, ulinganishe na gharama ya fundi, kokoto na nyungunyungu. Kabla ya kuchimba, muone bwana afya wa kata yako.