Kabla ya Kuchagua Kisu, Jua Kilichoshuka

Swali ni lile lile, na sasa linanifikia kwa simu, kwa ujumbe, hata harusini: "Dokta, nikate kope au ninyanyue nyusi?" Anayeuliza hajapimwa na mtu yeyote. Amejiona kwenye picha, macho yameonekana madogo, ngozi imelalia kope, na tayari anachagua upasuaji. Nikimwambia tuanze kwa kupima, la pili linafuata papo hapo: "Basi kwa sasa nipake nini?"

Maswali yote mawili yana kosa moja: yanaruka jambo linaloamua kila kitu, yaani ni nini hasa kilichoshuka. Juu ya jicho vipo vitu vitatu vinavyoweza kushuka. Ngozi ya kope ya juu inaweza kulegea na kuzidi. Unyusi unaweza kuteremka kutoka mahali pake na kuisukumia ngozi juu ya jicho, ingawa ngozi yenyewe haijazidi. Na ukingo wa kope, ule wenye nywele, unaweza kushuka kwa sababu kano ya msuli unaoinua kope imelegea au imeachia. Kwenye kioo vyote vitatu vinampa mtu sura moja, ya kuchoka na kusinzia. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Fikiria pazia linaloburuza sakafuni kwa sababu fimbo yake imeshuka. Ukilikata kwa chini umepata pazia fupi, na fimbo bado iko chini. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu ambaye nyusi zake zimeteremka, kisha akakatwa ngozi ya kope tu. Na kwa binadamu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ngozi ikipunguzwa na kushonwa huuvuta unyusi uzidi kushuka. Mtu aliyelipia macho makubwa anajikuta na nyusi zilizokaa karibu kabisa na kope na uso unaoonekana umekasirika. Akirudi kudai akatwe tena, ngozi ya kukata haipo. Kanuni tunayofundishwa ni kubakiza walau milimita 20 za ngozi kati ya nywele za unyusi na nywele za kope. Ukishuka sana chini ya hapo, jicho linaweza kushindwa kufumba usiku. Konea inakauka, inapata kidonda, na kidonda kile kinaweza kuondoka na uwezo wa kuona.

Sasa hilo la kupaka. Nitalisema kwa urefu kwa sababu ndilo linalowapotezea watu miaka, fedha, na wengine macho yenyewe. Imani iliyoenea ni kwamba kope iliyoshuka inaweza kukazwa kwa nje: kwa ute wa yai, kwa mshubiri, kwa mafuta ya nyonyo, kwa barafu, kwa krimu ya "kukaza kope" inayouzwa saluni, au kwa mazoezi ya kupandisha nyusi mbele ya kioo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoinua kope, unyusi au ngozi iliyozidi. Hakuna.

Ute wa yai unawadanganya wengi kwa sababu kweli wanahisi kitu. Ute ni maji na protini. Maji yakikauka, protini inabaki kama utando mwembamba unaojikunja juu ya ngozi, na ngozi inahisi imevutwa. Kwa muda huo mikunjo midogo inapungua kidogo. Ukinawa uso, utando unatoka na kila kitu kinarudi kilipokuwa, kwa sababu chini ya utando hakuna kilichobadilika. Krimu nyingi za dukani zinazoahidi matokeo ya papo hapo zinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa bei. Na yai bichi linaweza kubeba bakteria. Ukingo wa jicho si mahali pa kulipaka.

Mafuta ya nyonyo yanalainisha ngozi kavu, na kazi yake inaishia hapo. Kilichochakaa kwenye kope iliyolegea ni nyuzi za kolajeni na elastini zilizo ndani ya ngozi, tishu zinazoushikilia unyusi kwenye mfupa wa paji la uso, au kano iliyo nyuma ya msuli wa kope. Mafuta yaliyopakwa juu hayashoni kano. Kulisugua jicho kila usiku kunafanya kinyume cha kinachotafutwa: ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili, haifiki milimita 1, na kuivutavuta ni kuilegeza. Vivyo hivyo kwa anayebandika nywele za kope za bandia kwa gundi kila wiki na kuzibandua kwa nguvu, halafu anashangaa kope zinawasha, zinavimba na kulegea.

Mazoezi nayo tuyamalize. Msuli unaopandisha nyusi ni mmoja tu, nao ni msuli wa paji la uso. Mtu mwenye ngozi inayomziba macho anautumia kutwa nzima bila kujua; anapandisha nyusi ili aone, na ndiyo maana paji lake lina mistari iliyokolea na jioni kichwa kinamuuma. Kama mazoezi yangekuwa tiba, huyu angekuwa wa kwanza kupona. Isitoshe, msuli huo haufiki vizuri kwenye theluthi ya nje ya unyusi. Sehemu hiyo ndiyo inayoshuka kwanza, na hakuna zoezi litakaloipa msuli isiyokuwa nao.

Wapo pia wanaosuka rasta au kubana nywele kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda. Kwa siku mbili tatu uso unaonekana umekazwa, msusi anasifiwa. Gharama yake inalipwa baadaye: nywele za mbele na za pembeni mwa paji zinang'olewa taratibu, na kuvuta kukiendelea kwa miaka, vinyweleo vinakufa na nywele hazioti tena. Mstari huo wa nywele ndimo tunamofichia kovu tunaponyanyua nyusi. Dada anayejibana kwa nguvu leo ili asifanyiwe upasuaji anajinyima mahali pa kufichia kovu siku atakapouhitaji.

Linalonikasirisha kuliko yote ni krimu za kopo lisilo na maelezo, mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka na kuuzwa kwa ahadi ya kung'arisha na kukaza macho. Nyingi za krimu hizi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya namna hii, na bado vinapita mkono kwa mkono. Steroidi inapunguza uvimbe kwa siku chache za mwanzo, kwa hiyo mteja anaona nafuu na anaendelea. Baadaye ngozi ambayo tayari ilikuwa nyembamba inakonda zaidi, mishipa midogo inajitokeza, na kope inalegea kuliko ilivyokuwa. Ngozi ya kope inanyonya dawa kwa wepesi, na dawa hiyo inafika ndani ya jicho. Ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo la jicho. Mtoto wa jicho tunaweza kumtoa. Shinikizo likishaua mshipa wa fahamu wa jicho, hakuna daktari atakayeurudisha, na ugonjwa huo, glakoma, hauumi. Unaanza kwa kula pembe za uoni bila mtu kugundua. Sisi watu wa asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya glakoma hata bila mkorogo. Kama umetumia krimu kama hiyo kuzunguka macho kwa miezi, acha kuulizia upasuaji wa urembo. Nenda kapimwe shinikizo la jicho wiki hii, na uende na kopo.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye kioo. Kaa wima mbele ya dirisha. Fumba macho, legeza paji la uso kabisa, uhesabu hadi kumi. Weka kiganja juu ya paji bila kubana, kisha fumbua macho taratibu bila kupandisha nyusi. Hapo unauona uso wako halisi, msuli wa paji ukiwa umepumzika. Gusa mfupa wa juu wa tundu la jicho. Kwa wanaume wengi unyusi hukaa usawa wa mfupa huo. Kwa wanawake hukaa juu yake kidogo, ukipanda kuelekea nje. Ukiwa umeshuka chini ya mfupa, unyusi ni sehemu ya tatizo. Sasa uinue kwa kidole mpaka mahali pake. Mkunjo wote wa ngozi ukitoweka, kope yako haina ngozi ya kukatwa. Mkunjo ukibaki vile vile, ngozi imezidi. Ukipungua nusu, una yote mawili. Mwisho tazama ukingo wa kope wenyewe. Kwa kawaida hukaa milimita 4 hadi 5 juu ya katikati ya mboni. Ukikaribia kuigusa mboni, au jicho moja likawa dogo kuliko jingine hata ukiinua ngozi yote, msuli au kano ndiyo yenye shida, na kukata ngozi au kunyanyua nyusi hakutaifungua kope hiyo.

Jaribio hili halimwondoi daktari. Linakupa swali sahihi la kumpelekea. Chukua pia picha zako za zamani, hata ile ya kitambulisho. Wengine nyusi zao zilikuwa chini tangu ujana, na mtu kama huyo akinyanyuliwa sana atapata uso asioujua.

Njia zilizopo ni hizi. Ngozi ikiwa imezidi na unyusi uko mahali pake, punguza ngozi ya kope: sindano ya ganzi inatosha kwa wengi, kovu linajificha kwenye mkunjo wa kope, nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, uvimbe na weusi huisha kwa wiki mbili hivi. Wenye historia ya keloidi wasiogope sana hapa, kope ni mahali ambapo keloidi huota kwa nadra mno; kwenye paji na kichwani hofu hiyo ina msingi, na lazima uiseme mapema. Unyusi ukiwa umeshuka, nyanyua unyusi: kwa kamera na matundu madogo ndani ya nywele, kwa mkato kwenye mstari wa nywele kwa mwenye paji pana, au kwa mkato juu tu ya unyusi kwa mzee mwenye mistari mirefu, mwenye upara, au aliyepooza upande mmoja wa uso. Huo wa mwisho unainua kuliko yote na kovu lake linaonekana kuliko yote. Tegemea ganzi ya ngozi ya kichwa kwa wiki au miezi. Vyote viwili vikiwa vimeshuka, nyusi kwanza, ndipo ngozi iliyobaki ipimwe na kukatwa. Anayekata kope kwanza anakisia. Kano ikiwa imelegea, inakazwa kwa upasuaji wake wenyewe, na daktari aangalie macho yote mawili, maana kuinua kope moja mara nyingi hufichua kwamba ya pili nayo imeshuka. Botox inaweza kuinua ncha ya unyusi milimita chache kwa miezi 3 hadi 4. Ni dawa iliyoanzia kwetu wa macho, pale Alan Scott wa San Francisco alipoitumia kwa makengeza, na Marekani ikairuhusu kwa matatizo ya macho mwaka 1989. Ikichomwa vibaya kwenye paji, inashusha nyusi badala ya kuinua. Na njia ya mwisho ni kuacha. Kama unaona vizuri na kinachokusumbua ni picha moja, kuacha ni uamuzi wa kitabibu ulio kamili.

Wako wasiopaswa kuuliza habari za urembo kabisa kwa sasa. Kope iliyoshuka ghafla, hasa pamoja na kuona viwili viwili, kichwa kuuma sana, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa. Kope inayokuwa nzuri asubuhi na kuanguka jioni inaweza kuwa ugonjwa wa mawasiliano ya neva na misuli, nao unatibiwa kwa dawa. Kope zinazovimba kila asubuhi pamoja na miguu zinataka kipimo cha figo. Mwenye macho makavu, tezi ya shingo yenye shida, kisukari au presha isiyodhibitiwa atengeneze hayo kwanza. Mtaje daktari kila dawa unayotumia, aspirini na virutubisho vya mitishamba vikiwemo, kwa sababu damu ikivuja nyuma ya jicho baada ya upasuaji inaweza kupofusha. Ni nadra, lakini maumivu makali, jicho kutokeza au uoni kufifia baada ya upasuaji ni dharura ya dakika, si ya kesho.

Kwa hiyo mtafute daktari wa macho aliyesomea upasuaji wa kope au mpasuaji wa urembo aliyesajiliwa: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Thibitisha usajili kabla ya kulipa. Saluni na "kliniki" ya ghorofani isiyo na leseni haigusi kope yako. Na huyo mwenye leseni umkague pia. Akikupangia tarehe ya upasuaji bila kukulegeza paji, bila kuuinua unyusi kwa kidole chake, bila kupima ukingo wa kope kwa rula, hajakupima. Chukua mkoba wako, umtafute mwingine.