Taa za Zenoni Kwenye Gari la Halojeni: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kubadili

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani na Kariakoo huuzwa seti za taa za zenoni: globu mbili, balasti mbili na waya zake, vyote ndani ya boksi moja. Fundi huzifunga kwa muda mfupi, na gari lililokuwa na mwanga wa manjano huondoka likiwa na mwanga mweupe unaoelekea buluu. Mwenye gari huridhika, kwa kuwa sasa barabara mbele yake inang'aa. Makala haya yanaeleza kwa nini badiliko hilo mara nyingi halimsaidii kuona mbali zaidi, kwa nini huwahatarisha wengine, na nini afanye mwenye gari ambaye taa zake kweli ni hafifu.

Tofauti ya taa hizi mbili

Globu ya halojeni ina waya mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto na umeme wa betri hadi ukatoa mwanga. Globu ya kawaida ya wati 55 hutoa takriban lumeni 1,000 hadi 1,500 kutegemea aina yake. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Globu ya zenoni haina waya huo. Mwanga wake hutokana na cheche ya umeme inayoruka kati ya ncha mbili ndani ya gesi. Ili cheche hiyo ianze, balasti huzalisha umeme unaozidi volti 20,000, na baada ya hapo globu hutumia wati 35 tu na kutoa takriban lumeni 3,200.

Taa hizi zilianza kufungwa kiwandani mwaka 1991, katika magari ya BMW 7 Series. Tangu mwanzo, watengenezaji waliziundia nyumba yake maalumu. Hapo ndipo ulipo msingi wa suala hili.

Kwa nini mwanga husambaa ovyo

Nyumba ya taa ni chombo cha vipimo. Kiakisi kilichomo ndani yake kimechongwa kwa kuzingatia umbo la waya wa halojeni na mahali hasa unapokaa, na kosa la milimita moja hutosha kuharibu mwelekeo wa mwanga. Cheche ya zenoni ina umbo jingine na sehemu zake zinazong'aa zaidi ziko kwingine. Ikiwekwa ndani ya kiakisi cha halojeni, ule mpaka unaozuia mwanga wa dimu usipande machoni mwa watu huvurugika. Mwanga mwingi huenda juu na pembeni, na mwingine humwagika karibu mno na bampa.

Mwanga huo wa karibu ndio unaomdanganya dereva. Mboni ya jicho husinyaa kwa sababu ya weupe ulio mbele ya gari, na matokeo yake sehemu ya mbali huonekana yenye giza kuliko awali. Rangi ya buluu nayo si dalili ya nguvu. Zenoni za kiwandani huwa karibu na kelvini 4,300, yaani nyeupe ya kawaida. Zinazouzwa kwa kelvini 8,000 kwa kawaida hutoa mwanga mchache zaidi. Maelezo haya yanahusu pia globu nyingi za LED zinazochomekwa mahali pa halojeni.

Athari katika mitaa yetu

Mitaa ya Kariakoo haina nafasi ya kosa. Jioni, Mtaa wa Msimbazi, Uhuru na Lumumba hupitwa kwa wakati mmoja na daladala, bajaji, bodaboda, guta, wasukuma mikokoteni na maelfu ya waenda kwa miguu. Wengi wao hawana taa wala nguo inayoakisi mwanga.

Dereva aliyepigwa na mwanga mkali machoni huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kuona sawasawa tena, na mtu mzima au mwenye mtoto wa jicho huchukua muda mrefu zaidi. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde tatu za upofu ni zaidi ya mita 40. Ndani ya umbali huo kunaweza kuwa na mama anayevuka na mtoto, au kijana anayevuta mkokoteni. Atakayegongwa hatakuwa na uhusiano wowote na gari lenye zile taa, na mwenye gari hilo atakuwa amekwisha kupita bila kujua. Wakati wa mvua za masika hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa lami iliyolowa huurudisha mwanga machoni.

Iwapo taa zako ni hafifu

Kabla ya kununua seti ya zenoni, kagua mambo yafuatayo:

1. Kioo cha taa. Kioo cha plastiki huwa cha manjano kwa jua. Kukisugua na kukipaka kinga hurejesha mwanga mwingi.

2. Waya na nati za ardhi. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu. Volti ikipungua kwa asilimia 10 kwenye globu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

3. Globu zenyewe. Halojeni hufifia kwa umri. Badili zote mbili kwa pamoja, za aina na wati zilezile, na usishike kioo chake kwa vidole. Globu za wati 100 huweza kuyeyusha soketi na waya.

4. Mwelekeo. Egesha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wa kutosha na dereva akiwa kwenye kiti. Washa dimu. Kwa gari dogo la kawaida, mpaka wa mwanga ukutani uwe takriban sentimita 5 chini ya usawa wa katikati ya taa, na upande wa kushoto upande kidogo.

Kwa anayetaka zenoni

Njia sahihi ni kubadili taa nzima, iliyotengenezwa kwa zenoni na kwa gari la aina hiyo, pamoja na mtambo wake wa kurekebisha urefu wa mwanga. Kanuni zinazofuatwa Ulaya kwa miaka mingi zimetaka taa ya dimu inayozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo huo unaojiendesha, pamoja na kifaa cha kusafisha kioo.

Mnunuzi wa taa zilizotumika aulize zilikotoka. Taa za Japani na Uingereza zinatufaa, kwa kuwa huko pia magari hupita kushoto. Taa za magari ya Dubai au Ulaya bara hunyanyua mwanga upande wa kulia, yaani kwenye macho ya anayekuja. Kazi ifanywe na fundi umeme wa magari, betri ikiwa imefunguliwa, kwa sababu volti za balasti zinaweza kuua.

Wenye magari wakumbuke pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasimamiwa na askari wa usalama barabarani, na gari lenye kasoro inayohatarisha wengine linaweza kuzuiwa. Aidha, ni vyema kuitaarifu kampuni ya bima kabla ya kubadili mfumo wa taa.

Mafundi na wauza vipuri wa kata zetu wanaombwa kumweleza mteja mambo haya kabla ya kupokea fedha yake. Anayeuza seti hiyo leo atavuka barabara hiyohiyo jioni, kwa miguu, akirudi nyumbani.