MAZUNGUMZO YA AMANI: MTAA WA BOIKENE NA WAGENI WAKE

 

Leo tutazungumza juu ya mtaa mmoja tu, Boikene, ulio pembeni ya mji wa Beni. Ukitoka mjini kwa barabara kubwa namba 4 kuelekea uwanja wa ndege wa Mavivi na Oicha, ndiko uliko. Wewe wa Butembo usizime redio. Mgeni anayefika Boikene leo jioni, kesho anaweza kubisha hodi kwako.

Beni yenyewe haikuzaliwa pale ilipo. Beni ya zamani ilikuwa karibu na mto Semliki, ambako Wazungu wa wakati wa Leopold walijenga posti. Mji tunaoujua ulikua kwa sababu ya barabara, mbao, kahawa, papaini, na siku hizi kakao. Kazi hizo ziliwaita watu kutoka milima ya Lubero na Butembo, ambako mashamba yamekuwa madogo kwa watoto wengi. Walipofika waliwakuta Wambuba, Walese, Wapakombe na Wambute katika nchi hii ya msitu. Kwa hiyo mitaa ya pembeni imejengwa na watu waliokuja. Anayejiita mwenyeji leo, mara nyingi baba yake au babu yake alikuwa mgeni. Sisemi hivi kumchokoza mtu. Fungueni tu hesabu za familia zenu.

Maisha ya mtaa wa namna hii mnayajua. Mtu ana parseli mjini na shamba msituni. Kina mama wana likilimba yao. Kuna salongo ya kuzibua mitaro, na matanga ambapo kila nyumba inaleta kuni au unga. Halafu kuna nyumba kumi, yule mzee anayejua nani amelala wapi.

Tangu Oktoba 2014 maisha hayo yalivunjika. Usiku wa tarehe 15 mwezi huo watu waliuawa Ngadi, na mauaji yakaendelea Eringeti, Oicha na kwingine. Waliokimbia walifika mitaani wakiwa na magodoro kichwani. Familia ya watu sita ikawa ya kumi na tano katika nyumba ile ile, na shamba halifikiki tena. Mwezi wa 11 mwaka 2019, usiku wa tarehe 24, watu wanane waliuawa Boikene kwenyewe. Asubuhi hasira ililipuka: ofisi ya meya ilichomwa, na kambi ya MONUSCO iliyokuwa Boikene ikavamiwa na kuchomwa moto. Hasira ile naielewa. Mtu aliyezika jirani yake hawezi kuambiwa atulie kama mtoto.

Lakini kuna hasira nyingine inayonitisha zaidi, ile inayomwangukia mpita njia. Tarehe 31 Oktoba 2014, hapa Beni, umati ulimuua kijana aliyeshukiwa kuwa mwasi. Habari zilizoandikwa wakati ule zinasema shaka ilianzia ndani ya gari: alikuwa na panga, na hakujua Kiswahili chetu. Sasa nawauliza: ni mkulima gani wa huku hana panga? Na ni wangapi kati ya nyanya zetu wanajua Kinande peke yake?

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kukaa anapotaka, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 17 kinasema kosa ni la mtu binafsi. Hakuna anayekamatwa kwa ajili ya kosa la ndugu yake, au la watu wanaozungumza lugha kama yake. Kifungu cha 18 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayoielewa, na asishikwe na polisi kupita saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka au kuachiliwa.

Nyumba kumi basi ana kazi gani? Kuandika mgeni katika daftari, jina lake, atokako, na nani anampokea; akiona hatari, apeleke habari kwa shefu wa kartie na kwa polisi. Yeye si hakimu. Hapaswi kumpiga mtu, kumtoza faini, wala kumnyang'anya kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee. Aliyekimbia usiku huenda hana hata hiyo. Kukosa karatasi kunampa nyumba kumi sababu ya kuuliza vizuri, hakumfanyi mtu kuwa mwasi.

Na wewe jirani, ukimpokea mgeni, mpeleke aandikwe siku ile ile, kabla ya chakula cha jioni ikiwezekana. Minong'ono huanza usiku, na jina lililo katika daftari huwapa vijana wa doria jibu kabla hawajaokota mawe. Mkimshika mtu mnayemwogopa, mfungieni ndani, mwite polisi, na wazee wawili wakae mlangoni mpaka wafike. Wazee, nasema, si vijana.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza juu ya karatasi za parseli: nani anazitoa, na ipi haina nguvu mbele ya korti.