Fahamu: Nani anapima kipindi cha dini katika shule za Kikatoliki?

Mtihani wa darasa la saba hauna karatasi ya dini. Mzazi wa Lindi anayelipa ada katika shule ya msingi ya Kikatoliki hawezi kukipima kipindi cha dini kwa matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA).

Ndani ya Kanisa, jukumu ni la askofu. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni za 805 na 806, inampa mamlaka ya kuidhinisha walimu wa dini na kuzikagua shule za Kikatoliki jimboni mwake, hata zinazoendeshwa na watawa. Kwa mfano, huko England na Wales, wakaguzi wa Kanisa hupima mambo matatu: maisha ya Kikatoliki shuleni, ufundishaji wa dini na ibada ya pamoja. Ripoti huchapishwa.

Wakazi wengi wa Kilwa, mkoani Lindi, ni Waislamu, hivyo shule ya Kikatoliki huko inaweza kuwa na watoto wa Kiislamu, na ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa dini. Kwa hiyo mkaguzi anayewasikia watoto wakisali Baba Yetu mstarini asiishie hapo. Aingie darasani, amuulize mtoto kwa nini Msamaria mwema wa Injili alisimama njiani. Aangalie pia mtoto wa Kiislamu yuko wapi wakati wa misa, na kama mzazi wake aliulizwa. Kisha ripoti isomwe kwenye kikao cha wazazi.